Majina Yenye Haina Mufu Ndani

Siku ya posho, tarehe 7 mwezi wa sita, 2025

Mawe! Leo nilifanya kintu.

Rachelle alipigana leo mara ya kwanza mbele ya bantu. Rachelle, mutoto ya dada yangu Stéphanie (Mungu amupumuzishe), ule nilimukomalisha mi mwenyewe tangu angali wa kubebwa mu mugongo. Boksi! Binti muzima, na masuko yake muzuri ya nywele, anaenda kupigwa ngumi mu uso. Stany, coach wake wa hapa Musonoi, aliniambia asema: mama Agnès, hakuna ndoa, hakuna matanga ya Baluba hapa Kolwezi yenye hawakuite kuimba kasala, ile nyimbo ya kusifu majina ya ukoo. Kuya umuite mutoto mu ringi. Bengine bote banaingia na majina ya kutisha, ye anaingia na Rachelle tu.

Nikaitika. Kiburi tu! Nikafunga kitambaa mu kiuno, nikakamata mikro, nikaanza kasala ya baba yetu, tata Mukuna. Mujikulu wa Mukuna! Kilima yenye mvua inazunguka! Ule haombake njia! Bamama bakapiga bigelegele, mi nguvu inapanda tu kutoka mu miguu.

Na pale pale, kengele imelia na jina ya baba ingali mu kinywa yangu — paa! Ngumi ya binti ya Likasi. Rachelle chini. Juu ya matako, miguu mbele!

Aliamuka. Alimaliza, na alishinda ata na pointi. Lakini kaka yangu Kalombo alikuwa pale mu bantu. Alitoka bila kuniangalia.


Siku ya Mungu, tarehe 8

Kalombo alifika kiisha misa. Nilimupa kiti, akakatala. Maji, akakatala. Ye njo mukubwa wetu, alibakia mu kiti ya baba, basi ukiona anasimama vile mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yako, unayua tu kuko maneno.

Alisema asema: unayua kintu ulifanya jana? Jina ya mufu haiko pambo. Ukiiita, mwenyewe anakuya. Anaingia mu mwili ya ule unaita. Jana ulimutosha tata mu kaburi, ukamuleta mu ringi, na kisha kabinti ka Likasi kakamupiga tata ku uso mbele ya bantu!

Ni kweli. Njo vile baba mwenyewe alitufundisha! Jina ya nguvu tunaiita ku ndoa, ku matanga, ku muntu anaenda safari. Mahali kuko ngumi, hapana. Miaka yote naimba, na sikufikiri. Boksi haikuwa mu maisha yetu, nani angeniambia?

Kama angeishia pale ningenyamaza. Lakini akaongeza: na tena ule mutoto haiko wa Mukuna. Dada alizaa na muntu hatuyue. Mutoto anafwata baba. Akatafute majina kule kwa baba yake.

Kaka! Rachelle alikuwa nyuma ya pazia na barafu ku jicho. Alisikia yote. Akatoka, akasonga bukari, akatuwekea mu sahani.

Nililia kisha. Nililia na hasira.


Kazi tatu, tarehe 11

Leo tulienda ku kaburi ya baba. Kalombo alipaka pemba, ule udongo mweupe, ku jiwe, akaomba musamaha juu yangu, akatoa kuku mweupe. Mi nilipiga magoti. Rachelle hawakumuita.

Alibakia ku parasoli yake anauzisha unités za simu. Niliporudia aliniuliza swali moya tu: mama, coach anasema nitapigana tena mwisho wa mwezi, na nikishinda, finali iko mwezi ya saba. Basi utaniita nani?

Nikamuambia tutaona. Jibu ya bure.


Siku ya posho, tarehe 14

Eh! Niandike mbio mbele sijasahau.

Nilikuwa nakaanga mikate asubui, baridi kali, na vumbi ya njia inaingia mu mafuta. Mansour akapita. Mansour ni mwalimu wa Kingereza, mutoto ya tata Nasoro mwenye malori, na ye njo anashika mikro siku ya boksi kutangaza bantu. Ananikula mikate kila siku na anasifu moya tu, ile ya kwanza. Akasema: mama Agnès, juu ya nini usimuite na Kingereza? Ba boxeur ba dunia yote banaitwa vile.

Nikamuuliza na dharau: Kingereza yenu iko na maneno ngapi ya mushindi? Nilizania atasema moya. Sie tuko na mushindi, basi, tunalala.

Akaanza kuhesabu ku bidole. Winner. Champion. Victor. Ace. Star. Hero. Legend. Bidole ya mukono moya ikaisha, akaenda ku ingine! Mikate ikaungua, sikuona.

Na haiko neno moya lenye manguo mbalimbali, hapana! Kila moya na njia yake. Winner njo ule alishinda leo, kesho hatuyue. Champion alishinda bote, na anachunga kiti mpaka batamutosha. Victor ni wa vita. Ace inatoka mu karata, ile karata moya ukitupa bengine bananyamaza. Hero alitoa roho yake juu ya bengine. Legend ni ule batoto batasimulia na hawakumuona. Kuko na trailblazer: ule alikata njia mu pori wa kwanza, bengine banapita nyuma yake na viatu safi!

Aba bantu! Balishinda mara ngapi mpaka bakaona neno moya haitoshe?

Nikamuuliza ile yenye ilikuwa mu roho yangu: na mu champion, mufu wa nani eko ndani? Mansour akacheka. Asema: hakuna, mama. Iko wazi. Mwenye kushinda anaingia, akishindwa anatoka.

Neno yenye haina mufu ndani! Ngumi ikifika pale haimupate nkambo, babu ya muntu. Nilimupa mikate ya bure, na hiyo haitokeake.


Kazi mbili, tarehe 17

Nilijaribu mu lupango. Nikasimama karibu na pipa ya maji, nikapiga kelele na sauti yote: Champion!

Kisha? Hakuna kisha. Neno ikaanguka chini pale. Jirani akatosha kichwa kuuliza nani alikufa.

Kasala iko na mukia. Ukiita jina, jina inavuta ingine: alifanya nini, alizaa nani, alivuka mutoni gani. Champion haikuvuka kitu. Nilivunjika roho, nikaingia kulala, ata habari ya redio sikungoya.


Kazi tano, tarehe 20

Niliiona! Mukia ninaweka mi mwenyewe.

Champion, mulinzi wa kiti, mwenye kuitaka akuye asimame! Ace, karata moya, mutupe mingine mu jalala! Star — usiku wa SNEL kukata umeme, njo tunakuona! Rachelle alikuwa anaosha sahani, akaacha, akapiga makofi na maji mu mikono. Mara ya kwanza anacheka tangu siku ile ya Kalombo. Meno yake yote, ni meno ya Stéphanie.

Kisha tukagombana. Alinileteya neno aliipata mu simu: self-made. Asema: mama, niite ile. Ni ule alijifanya mwenyewe, hana deni ya muntu. Nani? Ujifanye mwenyewe? Nani alikuosha? Nani alikutafuna bukari na kukutia mu kinywa ulipokuwa na surua? Nikakatala kabisa! Akasema pole pole: si kwa juu yako, mama. Kwa juu ya ule mwenye hatuyue.

Hapo nikakamata sahani, nikaanza kuosha na ye. Lakini ile neno sitaiita, ata wanipe ng'ombe.


Siku ya posho, tarehe 28

Yangu mama. Niandike je?

Uwanja ya Musonoi ilijaa. Bantu ba migodi na vumbi ingali mu nywele, bamama na batoto, benye kupanda juu ya malori. Mansour akatangaza jina na kilo, kisha akanipa mikro. Nikajisemea, Agnès, ukianguka leo utauzisha mikate kule mbali Kasaji mpaka kufa.

Nikaita: Winner wa leo ni nani? Kimya. Nikaita tena, na sauti ile ya matanga, ile inatoka chini ya tumbo: Winner wa leo ni nani? Muntu moya kule juu ya lori akajibu: Rachelle! Nikatupa champion na mukia yake — bakaitika. Nikatupa ace — bakaitika bote, mpaka mabati ya ba depot ilitetemeka. Trailblazer, mukata-pori, mufungua-njia! Bantu hawakuyua ile neno, ata moya. Baliitika tu. Waliisikia!

Nimeimba mbele ya ba mukubwa, mbele ya maaskofu. Sikuonaka vile. Ku kasala ya ukoo, ukoo njo inaitika, bengine banasikiliza. Leo bote baliitika. Baluba, Balunda, Basanga, bamama ba Kiislamu na mitandio yao, ata muchina moya mwenye kununua mawe ya migodi alikuwa anapiga kelele "Ace! Ace!" na mikono juu. Neno haina mwenyewe, basi kila muntu alikuwa mwenyewe. Niliogopa ata, ule woga wa kanisa.

Na Rachelle! Alipigana kama muntu anadai nyumba yake. Raundi ya tatu arbitre, mwamuzi, akasimamisha, juu ule mwingine haweze tena. Alinitafuta na macho mu bantu, akanyoosha mukono.

Alipigwa pia, mingi. Lakini hakuna nkambo alipigwa. Niko na roho safi.


Kazi ine, tarehe 3 mwezi wa saba

Finali ni tarehe 19, hapa hapa. Atapigana na Tatiana, binti ya Lubumbashi mwenye kushika ceinture, ule mukaba wa mushindi. Hajashindwa. Stany ananiambia na sauti ya chini, asema ule binti anapiga ku mbavu, na akipiga unasahau jina yako.

Nilimuuliza Mansour: na ule anashindwa mu finali, Kingereza inamuita nani? Nilizania hakuna. Kuko! Runner-up. Wa pili, mwenye alifika mpaka mwisho. Banamupa neno yake na ye! Sie wa pili tunamuambia tu pole, akaoge. Nilifikiri ile neno siku nzima, na ba client banalalamikia mikate.

Rachelle alisema: mama, ile hapana. Ibakie kwa Mansour.


Kazi ine, tarehe 10

Nilienda kwa Kalombo kumuita ku finali. Alikuwa anatengeneza redio. Hakuinua kichwa. Asema: ile maneno yenu nilisikia habari yake. Ni manguo ya dukani, kila muntu anavaa. Nikamuambia, kaka, ulisema akatafute majina kwingine. Alitafuta. Sasa unakasirika nini?

Akasema: sikukasirika. Na akaangusha tournevis, bisibisi yake.

Angèle, muke yake, alinisindikiza mpaka ku njia. Alinisongelea ku sikio: eko na video ya boksi ya tarehe 28 mu simu. Anaiangalia mu choo, anazania sisikie. Tulicheka mpaka machozi, pale pale mu vumbi.

Lakini hakusema atakuya.


Kazi tatu, tarehe 16

Rachelle alirudi kutoka ku mazoezi, mbavu inamuuma. Nilimukanda na maji ya moto. Alikuwa amelala juu ya tumbo, uso ku ukuta, akaanza kusema. Njo vile anasemaka bintu bya kweli, na uso ku ukuta.

Asema: mama, ile maneno ya Kingereza ni tamu wakati naingia. Naona niko murefu. Lakini ngumi kali ikifika, inakimbia yote. Champion inakimbia, ace inakimbia. Nabakia mi tu na maumivu. Ile siku ya kwanza, uliita jina ya nkambo, nikaanguka. Haya. Lakini kule chini, mama, sikuwa peke yangu.

Nilimukanda tu. Mikono ilikuwa inafanya kazi, mi nilikuwa mbali. Nifanye nini? Nikiita baba, napigisha baba. Nisipoita, mutoto anapigwa peke yake. Na jina haiko yangu kutoa, ni ya Kalombo. Nilimuomba Stéphanie anisaidie, na nilimukaripia pia, juu alikufa bila kutuambia baba ya mutoto ni nani.


Siku ya posho, tarehe 19

Tumerudia nyumbani, jua ingali juu. Rachelle anakula supu na upande moya wa kinywa. Mi naandika mu choo, juu lupango yote imejaa bantu. Niseme na mupango, Agnès. Pole pole.

Niliita. Niliita vile sijaitaka! Bantu baliitika mpaka bandege ba nguzo za umeme walikimbia. Raundi ya kwanza Rachelle alikuwa muzuri, mwepesi, Stany anacheka. Raundi ya pili, Tatiana akapata mbavu. Mara moya, na tena pale pale. Niliona uso ya mutoto inafunga. Nikapiga kelele champion, bantu bakaitika champion, nguvu ileile — na haikumufikia! Niliona na macho yangu. Neno inafika ku kamba ya ringi, inarudia.

Raundi ya tatu akaanguka goti moya. Arbitre anahesabu. Mi nakamata mikro na mikono mbili, na siyue niite nani.

Basi muntu akanivuta mikro. Kofia mpaka ku macho, koti ya baridi, nikataka kumupiga. Kalombo! Alikuwa pale tangu mwanzo, nyuma ya bantu ba kunywa bière. Nikamuambia, kaka, hapana, tata atapigwa! Akaniangalia na macho mekundu. Asema:

— Apigwe! Juu ya nini mutoto anapigwa peke yake? Tata naye akamate-ko nusu!

Na akaita. Kaka yangu, mwenye hakuimbaka ata mu misa, na sauti ya kuvunjika, ya bure kabisa, akaita Rachelle, mujikulu wa Mukuna. Kilima yenye mvua inazunguka. Akaita baba ya Mukuna, na mwenye alimuzaa, na mutoni walivuka kukuya huku. Majina mingine ata mi sikuyua! Alikuwa anaichunga yote kule ndani, ule mubaya! Anaita na analia, na makamasi, mbele ya Kolwezi muzima.

Bantu hawakuitika. Haikuwa ya kuitika ile.

Rachelle aliinua kichwa. Aliangalia kwanza mi, kisha akamuona Kalombo, mujomba yake, na mikro. Sitasahau ile uso. Akasimama. Tatiana akakuya na ngumi ileile ya mbavu, ikafika, niliisikia — na mutoto akabakia mu miguu. Ingine ikafika. Akabakia! Akarudisha. Walipigana vile mpaka mwisho, wawili bote, na kengele ilipolia walikumbatiana juu hakuna aliweza kusimama mwenyewe.

Nani alishinda? Hatuyue! Groupe ya umeme ikaisha mafuta, mikro ikakufa, na ba juge tatu bakaanza kulalamikiana. Moya anasema Tatiana, moya anasema Rachelle, na wa tatu anaficha karatasi yake mu shati na kuomba polisi. Mukubwa wa boksi akapanda juu ya kiti, akasema na sauti ya kinywa: tutawapigia simu kesho asubui, murudie nyumbani na amani.

Kalombo alimubeba Rachelle mpaka ku motari, mwenye pikipiki. Ku mugongo. Na mugongo yake yenye anasemaka inamuuma kila siku!


Siku ya Mungu, tarehe 20

Asubui. Rachelle angali analala. Jicho moya imefunga kabisa.

Kalombo hakurudia kwake. Nilimukuta mu lupango na blanketi ku mabega, ku kiti ile alikatala siku ile. Anakunywa chai yangu na anasema sukari kidogo. Angèle alimuletea viatu. Mansour eko ku mulango, Stany eko ku mulango, na njia imejaa: batoto, bamama wa soko, ba creuseur ba migodi na baiskeli. Wote bananyamaza, juu Kalombo aliwaambia atakayemuamusha mutoto ataona.

Simu yangu iko juu ya meza, karibu na sahani ya mikate. Imelia. Ni ule mukubwa wa boksi, namba yake niliandika jana ku mukono. Mansour akaruka. Mi nikanyoosha mukono.

Kalombo akaweka kiganja juu ya simu.

— Wacha ilie, akasema. Mutoto wetu analala.

Nikamuambia, kaka, ni habari ya finali! Ni kuyua kama ni champion! Akasema na ye anataka kuyua, lakini kwanza alale, kisha akule, kisha tutauliza. Alisema vile baba alikuwa anasemaka, na kidole juu. Stany amekaa chini mu vumbi na kichwa mu mikono. Bantu mu njia bananongona.

Imekatika. Sasa inalia tena, na kiganja ya Kalombo ingali juu.